Kabla Hujanunua Kiboksi cha Kuhifadhia Muvi na Picha Nyumbani, Ijue Kwanza Historia Yake

Mwaka 1998, ndani ya studio za Pixar kule California, watu kadhaa walikuwa mbele ya kompyuta wakiangalia folda la Woody, yule sherifu wa kwenye Toy Story. Ghafla kofia haipo. Wakaangalia tena, buti nazo hazipo. Kidogo tu, Woody mwenyewe hayupo. Filamu ilikuwa inafutika mbele ya macho yao, kipande kwa kipande.

Kumbe kuna mtu mahali fulani ndani ya jengo alikuwa ameandika amri fupi ya kufuta faili, akaielekeza pasipotakiwa. Simu ikapigwa chumba cha mashine: chomoeni waya, sasa hivi! Waya ukachomolewa, lakini karibu asilimia 90 ya Toy Story 2 ilikuwa imeshakwenda. Basi watu wakatulia, si bakapu ipo? Ipo, kwenye kanda za sumaku. Wakazirudisha, na hapo ndipo jasho likaanza kuwatoka. Kanda zilikuwa hazirekodi vizuri kwa muda kama wa mwezi mzima na hakuna aliyekuwa amegundua.

Kwenye kikao cha dharura, dada mmoja ambaye alikuwa msimamizi wa ufundi akakumbuka kitu. Alikuwa amejifungua, na ili afanye kazi huku analea, alipelekewa kompyuta ya ofisini nyumbani kwake. Humo ndani kulikuwa na nakala ya filamu iliyokuwa ikiongezewa kazi mpya mara kwa mara. Wakapanda gari, wakaifuata ile mashine, wakaifunga mablanketi kama mtoto mchanga, wakaipakia kiti cha nyuma na kuendesha taratibu mpaka studio. Ikawaka. Filamu ikaokolewa, ikatoka Novemba 1999 na kuingiza karibu dola milioni 500 duniani. (Utamu wa ziada: baadaye wakubwa waliona hadithi yenyewe haijakaa sawa, wakaifanya upya sehemu kubwa. Lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Kampuni kubwa, wataalamu wamejaa, mashine za bei mbaya, halafu kilichookoa jahazi ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa mama mwenye mtoto mchanga. Kile ambacho leo kinauzwa kama kiboksi cheusi cha kukaa pembeni ya rauta, kinachotunza picha za familia na kurusha muvi kwenye TV bila kula bando, watu wa kompyuta wanakiita NAS. Na historia yake imejaa watu wa aina hii hii, ambao majina yao wengi hatuyajui.

DISKI YA TANI MOJA

Mwaka 1956 IBM walitoa mashine ya kwanza ya kibiashara yenye diski ya kuhifadhia data, iliyobuniwa na wahandisi wao wa San Jose, California. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ina upana wa inchi 24, zimepangwa kama sinia za mgahawani. Uzito wake ulizidi tani moja. Ilibeba herufi milioni 5 tu, yaani picha moja kali ya simu ya leo inaweza kuijaza ikabaki inaomba nafasi. Kampuni ziliikodi, mfumo mzima kwa takriban dola 3,200 kila mwezi.

Miaka 24 baadaye, 1980, kampuni ambayo leo inaitwa Seagate ikatoa diski ya kuingia ndani ya kompyuta ndogo ya mezani. Ujazo? MB 5. Uleule! Bei kama dola 1,500. Ila safari hii mtu mmoja aliweza kuibeba kwapani, na hapo ndipo wazo la data kukaa nyumbani lilipoanza kuwa na maana.

Tatizo la diski, tangu siku hiyo mpaka leo, ni kwamba inakufa. Ni sahani inayozunguka kwa kasi na kijisindano kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Ikianguka, umeme ukiichezea, au ikichoka tu yenyewe, kwisha habari. Mwishoni mwa miaka ya 1980, maprofesa wawili na mwanafunzi wao katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaja na hoja iliyowaudhi wauzaji wa madiski makubwa ya bei mbaya: kwa nini mtu asichukue diski nyingi ndogo za bei rahisi, azifunge pamoja zifanye kazi kama moja, halafu zilindane?

Ujanja wao mmoja unaelezeka hata kwa kalamu na karatasi. Chukua diski tatu. Ya kwanza andika 7, ya pili andika 5, ya tatu andika jumla yake, 12. Ya kwanza ikifa, unachukua 12 unatoa 5, unapata 7 yako. Ya pili ikifa, 12 toa 7. Hesabu halisi inayofanyika ndani ni tofauti kidogo, lakini akili ni hiyo. Ule wa mwingine ni rahisi zaidi: diski mbili, kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule, kama kioo. Mfumo huo wakauita RAID, na ndio uliomo ndani ya karibu kila kiboksi cha NAS chenye diski zaidi ya moja.

Hapa ndipo watu wengi wanapojichanganya. Diski mbili zinazofanana si bakapu. Ukifuta picha za harusi kwa bahati mbaya, zinafutika kwenye diski zote mbili sekunde hiyo hiyo, maana ndiyo kazi ya kioo. Mwizi akibeba kiboksi anabeba zote. Ile amri iliyomfuta Woody ingemfuta hata kama Pixar wangekuwa na diski mia. RAID inamlinda mtu na kifo cha diski tu, basi.

MWANAFUNZI WA CANBERRA

Tuseme una diski. Sasa kompyuta ya chumbani, laptopu ya dada na TV ya sebuleni vitaionaje? Mashine tofauti zinaongea lugha tofauti. Mwishoni mwa 1991 kuingia 1992, mwanafunzi mmoja wa shahada ya udaktari huko Canberra, Australia, alitaka kompyuta yake ndogo ya mezani isome faili zilizokuwa kwenye mashine kubwa ya chuo. Programu ya kufanya hivyo ilikuwepo lakini haikumfaa. Akakaa anasikiliza tu jinsi mashine zinavyosalimiana kwenye waya: hii inasema nini, ile inajibu nini. Akaijifunza ile lugha kwa kusikiliza, kama mtoto anavyookota Kiswahili mtaani, kisha akaandika programu yake na kuigawa bure.

Baadaye akaambiwa jina alilolitumia tayari ni mali ya kampuni fulani. Akaingia kwenye orodha ya maneno ya kompyuta yake, akatafuta neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo, kwa sababu lugha yenyewe ya mashine iliitwa SMB. Likatoka Samba. Zaidi ya miaka 30 sasa, programu hiyo ndiyo iko ndani ya viboksi vingi vya NAS, na ndiyo inayofanya folda la kwenye kiboksi litokee kwenye laptopu kama vile liko humo humo. Watu wanatumia kazi ya huyu jamaa kila siku bila hata kujua jina lake.

Lakini mpaka miaka ya mwisho ya 1990 hakuna mtu wa kawaida aliyehitaji haya mambo nyumbani. Utaweka nini? Barua za maombi ya kazi? Kilicholeta njaa ya nafasi ni muziki. Napster ilianza Juni 1999, na ingawa mahakama ilisababisha izimwe Julai 2001, tayari vijana walikuwa wameonja kuwa na nyimbo elfu kwenye kompyuta moja. Baada ya nyimbo zikaja muvi.

Mwishoni mwa 2001 Microsoft wakatoa Xbox ya kwanza. Kwa nje ni gemu, kwa ndani ni kompyuta kabisa yenye diski yake na waya wa mtandao, na imeshaunganishwa na TV. Vijana wakaona: mbona hili ndilo tulilokuwa tunatafuta? Wakavunja ulinzi wake na kuandika programu ya kucheza muvi zilizoko kwenye kompyuta ya chumbani. Programu ile ikakua, ikaitwa XBMC, na mwaka 2014 ikabadili jina kuwa Kodi. Mwaka 2008 tawi lake moja lilishajitenga na kuitwa Plex, ikawa biashara. Desemba 2018 kundi jingine, likiwa limekasirishwa na programu nyingine iitwayo Emby kufunga msimbo wake uliokuwa wazi, likachukua msimbo wa mwisho uliokuwa huru na kuanzisha Jellyfin, ambayo mpaka leo ni ya bure kabisa. Kwa hiyo yule anayeweka sinema zake kwenye kiboksi na kuziona kwenye TV zikiwa na mabango na maelezo kama Netflix, anakula matunda ya watundu waliovunja gemu.

MAMA, HII SEVA YA NINI NDANI YA NYUMBA?

Wakati hao wanavunja gemu, Taiwan watu walikuwa kimya wanajenga. Januari 2000 wawili waliowahi kufanya kazi Microsoft walianzisha Synology, na 2004 ikaja QNAP. Mwaka 2005 Mfaransa mmoja akatoa mfumo wa bure uitwao FreeNAS, unaochukua kompyuta chakavu iliyotupwa stoo na kuigeuza kuwa NAS. Mfumo huo bado uko hai kwa jina la TrueNAS, na kwa mtu ambaye mfuko umetoboka lakini kichwa kinachemka, bado ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote.

Microsoft wenyewe waliingia kwa kishindo mwaka 2007 na kitu kinaitwa Windows Home Server. Wakafanya tangazo la kuchekesha: kitabu cha picha cha watoto, kinachomweleza mtoto kwa nini kuna seva ndani ya nyumba. Si utani, kilichapishwa kweli. Wazo lilikuwa zuri sana, chomeka diski za ukubwa wowote, zinaungana zenyewe, kompyuta zote za nyumbani zinawekewa bakapu kila usiku. Kisha Desemba ya mwaka huo huo ikajulikana kwamba mtu akifungua faili lililoko kwenye seva yenye diski zaidi ya moja na kulihariri kwa baadhi ya programu, faili linaweza kuharibika. Seva ya kulinda faili, inaharibu faili! Microsoft wakatoa orodha ya programu za kuepuka, zikiwemo za kwao wenyewe. Marekebisho yalikuja Julai 2008, zaidi ya nusu mwaka baadaye. Bidhaa ile haikuwahi kupona imani ya watu.

Apple nao mwaka 2008 wakaleta Time Capsule, rauta yenye diski ndani. Kwa mwenye Mac ilikuwa raha tupu, unachomeka unasahau. Zile za mwanzo nyingi zikaanza kuzima zenyewe baada ya kama mwaka na nusu kwa sababu ya kifaa cha umeme kilichokuwa kinapata joto kali ndani ya boksi dogo, na Apple ikabidi wabadilishe baadhi bure. Aprili 2018 wakaachana kabisa na biashara ya rauta.

KWETU STOO ILIKUWA KIBANDANI

Huku Afrika Mashariki hadithi ilikuwa na sura nyingine. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Julai 2009 na kuunganisha Dar es Salaam na Mombasa, intaneti ya satelaiti ilikuwa ghali na ya kinyonga. Kudownlodi muvi moja nyumbani ilikuwa ndoto. Basi mtaa mzima ulikuwa na NAS yake, ila haikuitwa hivyo. Iliitwa banda la kuwekea nyimbo. Kijana mmoja, kompyuta moja ya mezani, spika zinapiga mpaka barabarani, na diski moja iliyojaa kuanzia Bongo Flava, sizoni za Kikorea, mpaka muvi za Kihindi zilizotafsiriwa. Unakwenda na flashi au memori kadi ya simu, unachagua, unalipa, unaondoka. Kwa macho ya sheria za hakimiliki biashara ile ilikuwa na matatizo mazito, na wasanii waliumia. Lakini kama mfumo wa kuhifadhi na kusambaza, ilifanya kazi kuliko intaneti yenyewe.

Udhaifu wake ulikuwa mbili. Kwanza virusi: flashi ya mteja mmoja inageuza mafolda yote kuwa shotikati, na flashi zote zitakazofuata zinaondoka na ugonjwa. Pili, ile diski ilikuwa moja. Umeme ukikatika vibaya na kurudi kwa nguvu, mtaji wa miaka unalala. Leo mabanda yamepungua kwa sababu ya simu janja na mabando, ila tabia imebaki. Prodyuza wa mtaani ana sesheni zote za wasanii wake kwenye diski moja ya nje. Mpiga picha wa harusi ana kazi za wateja wa miaka mitatu kwenye kitu kinachotosha mfukoni, na anakizungusha kwenye bodaboda.

Oktoba 2011 dunia nzima ikajua diski zinatoka wapi. Mafuriko makubwa yaliikumba Thailand, viwanda vya Western Digital vikaingia maji, na bei za diski zikapanda mpaka mara mbili katika wiki chache.

MWEZI MMOJA, VIPIGO VIWILI

Hapo katikati watu wengi walihamia kwenye wingu. Kwa nini uhangaike na kiboksi wakati Google wanatunza picha bure? Ni swali la haki, na kwa mtu mwenye simu moja na picha chache, wingu bado ni jibu zuri. Ila wingu ni kompyuta ya mtu mwingine, na mwenyewe ana mambo yake. Machi 2019 MySpace, mtandao uliokuwa moto sana kwa wanamuziki miaka ya 2000, ulikiri kwamba wakati wa kuhamisha seva walipoteza muziki wote uliopandishwa kabla ya 2016. Nyimbo zaidi ya milioni 50, za wasanii kama milioni 14. Wengine hawakuwa na nakala nyingine popote, demo zao za ujana zilikuwa humo tu.

Halafu tarehe 1 Juni 2021, Google Photos ikafunga bwawa la bure. Kuanzia siku hiyo kila picha mpya ikawa inahesabiwa kwenye GB 15, ukizidi unalipia. Watu wakaanza kuulizia viboksi vya nyumbani.

Mwezi huo huo, kuanzia tarehe 23 na 24, watu wa nchi mbalimbali waliokuwa na NAS ya Western Digital iitwayo My Book Live wakaamka na kukuta kiboksi kitupu. Mafolda yapo, ndani hamna kitu. Miaka ya picha za watoto, hati za biashara, kazi za shule, vyote vimefagiliwa. Kuna mtu aliviamuru kwa mbali, kupitia intaneti, virudi kama vilivyotoka kiwandani. Wachunguzi walipoingia kwenye msimbo wakakuta kitu cha kuumiza: mistari inayopaswa kuuliza paswedi kabla ya kufuta kila kitu ilikuwepo, lakini mtengenezaji alikuwa ameizima. Na kiboksi chenyewe hakikuwa kimepewa masasisho tangu 2015. Kampuni ikawaambia waliobaki wachomoe vifaa vyao kwenye intaneti mara moja, na ikaahidi huduma ya kujaribu kurudisha data kwa waliopigwa.

Walioumia zaidi ni wale waliohamishia picha zao humo kisha wakafuta kwenye simu na kompyuta ili kupata nafasi. Kifaa kilinunuliwa kwa jina la bakapu, kumbe kimegeuka kuwa nakala pekee.

Wenye QNAP nao walipata yao. Aprili 2021 wadukuzi waliingia kwenye viboksi vilivyoachwa wazi intaneti, wakafungia faili ndani ya mafurushi yenye paswedi na kudai bitcoin 0.01 kwa kila mwathirika. Januari 2022 likaja genge jingine, DeadBolt, likitaka 0.03. Lakini hawa DeadBolt walikutana na polisi wa Uholanzi. Mfumo wa genge ulikuwa unatoa funguo wenyewe pindi tu malipo yanapoonekana, bila kusubiri yathibitishwe. Oktoba 2022 polisi wakawa wanatuma malipo, wanapokea funguo, kisha wanayavuta malipo kabla hayajakamilika. Wakaondoka na funguo 155 bila kulipa, mpaka genge lilipostuka na kuziba. Matapeli kutapeliwa na polisi, ni nadra sana kusikia.

Kosa la msingi kwenye matukio yote hayo lilikuwa mlango. Watu walitaka kuona muvi zao wakiwa safarini, wakakiacha kiboksi kinaonekana kwenye intaneti ya dunia nzima. Kwa matumizi ya sebuleni mlango huo hauhitajiki kabisa. Muvi inatoka kwenye kiboksi, inapita kwenye rauta, inafika kwenye TV. Haitoki nje ya nyumba, ndiyo maana hata bando likiisha inacheza. Anayetaka lazima kuingia akiwa mbali, zipo njia za kujipitishia kichuguu chake cha siri, VPN, badala ya kufungua geti.

SASA UNACHAGUAJE

Baada ya vituko vyote hivyo, dukani mambo yanaonekana tofauti. Swali la kwanza la muuzaji huwa ni TB ngapi, wakati lingekuwa la pili au la tatu. Kiboksi cha diski moja kinatosha kama ni nakala ya ziada ya vitu vilivyopo pengine. Kama kitabeba kitu ambacho hakipo pengine, basi nafasi za diski ziwe mbili, na bado kuwe na nakala nyingine nje ya nyumba. Kuna mpiga picha mmoja wa Marekani aliyesambaza kanuni ambayo sasa inatumika kila kona: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae mbali. Iliyo mbali inaweza kuwa diski ya kawaida ya nje inayokaa kwa shangazi na kuletwa kila mwisho wa mwezi. Si lazima iwe teknolojia ya ajabu. Mablanketi ya kiti cha nyuma yalitosha kwa Woody.

Diski zenyewe nazo zina siri. Aprili 2020 iligundulika kwamba Western Digital walikuwa wanauza baadhi ya diski zao nyekundu, zilizoandikwa kabisa kuwa ni za NAS, zenye uandishi wa kupandiana kama vigae vya paa, aina ya SMR. Zinabana data nyingi ila zinapoandika tena ni nzito, na RAID ikitaka kujijenga upya zinaweza kuchukua siku nyingi au kushindwa. Hawakuwa wameandika popote. Baada ya kelele wakatenga majina, na zile za kawaida, CMR, zikaitwa Red Plus. Kwa hiyo anayenunua asome namba ya modeli, asiangalie rangi ya stika.

Aprili 2025 Synology nao wakachokoza nyuki. Walitangaza kwamba viboksi vyao vipya vya daraja la Plus vitataka diski za kwao au walizoziidhinisha wenyewe. Watu wakagoma, wengi wakahamia kwingine, na Oktoba mwaka huo kampuni ikalegeza na kuruhusu tena diski za wengine. Kwa mnunuzi wa huku, ambako diski unachukua ile iliyopo dukani, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kwa upande wa muvi, kinachosumbua ni ubongo wa kiboksi. TV ikiweza kusoma faili lilivyo, hata kiboksi cha bei ya chini kinamudu, kinapitisha tu. TV isipoweza, Plex au Jellyfin inabidi ibadilishe muvi papo hapo huku inacheza, na hiyo ni kazi nzito inayotaka prosesa yenye kipaji hicho. Ndiyo sababu ya ile muvi kukwama kila dakika wakati waifai iko vizuri. Na kama ni 4K iliyotolewa kwenye Blu-ray, inaweza kupita megabiti 100 kwa sekunde kwenye matukio makali, wakati rauta nyingi za bei nafuu zina matundu ya 100 tu. Hapo hata kiboksi cha mamilioni hakitasaidia.

Umeme nao ni wa kuutazama. UPS ndogo inayokipa kiboksi dakika chache za kujizima vizuri ni ya lazima katika miji yetu, na viboksi vingi vinaweza kuongea na UPS kwa waya wa USB vikajizima vyenyewe.

Halafu kuna ule usiku wa kwanza wa kuhamisha kila kitu, ambao unawakatisha wengi tamaa. TB 1 kupitia waifai ya kawaida inayopeleka MB 20 kwa sekunde ni karibu saa 14. Ukichomeka laptopu kwenye rauta kwa waya, kama matundu ni ya gigabiti moja, kazi hiyo hiyo inaisha ndani ya saa mbili na nusu hivi. Ikimaliza, kabla ya kufuta chochote kwenye simu au laptopu, fungua picha kadhaa na video mbili tatu moja kwa moja kutoka kwenye kiboksi uone kama zinafunguka.